Maji hayana karati

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi, naishi Sakina, Arusha. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Wiki iliyopita walipewa vitu tisa wavigawe: elementi, kampaundi au mchanganyiko. Kapata vitatu tu: chuma, chumvi na udongo. Hewa kaandika elementi 'kwa sababu ni kitu kimoja'. Oksijeni kaandika kampaundi kwa sababu ina atomi mbili. Sukari mchanganyiko, kwa kuwa ina kaboni, haidrojeni na oksijeni. Maziwa kampaundi, bangili ya shaba elementi. Maji kaandika mchanganyiko, na hilo ni kosa langu. Kitabu chake kinasema maji safi huchemka kwa nyuzi 100, na kisicho safi huchemka kwa joto tofauti. Nikanunua kipimajoto, tukachemsha maji ya chupa ya dukani. Mara tatu, 95. Nikamwambia basi hayo ni mchanganyiko. Mwalimu wake kampa kosa. Halafu mama mkwe anasema maji yetu ya bomba yana floridi, tuyachemshe sana iondoke. Mdogo wake binti yangu ana miaka saba, meno mapya ya mbele yameota na madoa ya hudhurungi. Nani yuko sahihi hapa?"

Marahaba. Umeuliza maswali matatu ndani ya barua moja, na lile ulilolitupia mkiani kama nyongeza ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia. Nikilijibu sasa hivi utapata agizo bila sababu, kwa hiyo nivumilie tuanze na kipimajoto.

Kipimajoto hakikukosea, na maji hayakukosea. Kitabu ndicho kilichoacha maneno: nyuzi 100 ni kwenye usawa wa bahari. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia. Siku nyingine chungulia sufuria kabla haijatokota vizuri. Utaona viputo vinazaliwa chini, vinapanda, vinasinyaa na kupotea njiani. Mvuke ulio ndani yake bado ni dhaifu, unabanwa unarudi kuwa maji. Vikianza kufika juu vikiwa vizima na kupasuka, maji yamechemka.

Sasa Arusha mjini mko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa iliyobaki juu yenu ni pungufu, mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga. Mvuke una kazi ndogo zaidi, unashinda mapema, kwenye nyuzi 95 na ushei. Sisi wa Moshi tuko chini yenu, yetu huchemka karibu na 97. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, maji yanatokota kwenye nyuzi 80 hivi, na maharage yangetokota kutwa bila kuiva. Kwa hiyo ulichopima siku ile ni urefu wa Arusha kutoka baharini, na umepima vizuri sana kwa kipimajoto cha dukani.

Kuna jambo la pili ambalo lingekushtua mapema kama ungelijua. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji haishushi joto la kuchemka, inalipandisha. Kijiko cha kulia cha chumvi kwenye lita nzima hakitakupa hata nusu nyuzi. Ili upande nyuzi moja unahitaji gramu 58 hivi kwa lita. Madini yaliyomo kwenye maji ya chupa ni miligramu chache au mamia kadhaa kwa lita, kipimajoto chako hakiwezi kuyaona kabisa. Yaani hata kama maji yale yangekuwa na madini mara kumi zaidi, 95 isingekuwa ushahidi wake.

Sasa nikuchanganye kidogo zaidi, kwa sababu ukweli unataka hivyo. Ulichomwambia mtoto hakikuwa uongo! Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: kalisi, magnesi, sodiamu, floridi, kila moja na kiasi chake. Maji ya chupa ni mchanganyiko, ila ulifika hapo kwa njia isiyofika hapo. Na mwalimu wake naye yuko sahihi, kwa sababu neno "maji" kwenye swali la kemia lina maana ya kile kitu chenyewe, haidrojeni mbili na oksijeni moja, bila wageni. Kwenye mtihani ni kampaundi, yaani atomi za aina tofauti zilizoshikana. Kwenye chupa, bomba, mto na kisima ni kampaundi iliyobeba mizigo.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Tunasema "maji safi na salama", maana yake hayataharisha watoto. Tunasema maziwa safi, maana yake hayakutiwa maji. Mkemia akisema safi anamaanisha kitu kimoja tu: ndani yake hamna aina ya pili. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri kwenye kibuyu kilichooshwa vizuri ni safi kwa mama, kwa mkemia ni mkusanyiko wa watu wa kila kabila. Neno "shaba" ni mtego mwingine. Tunalitumia kwa ile nyekundu ya nyaya za umeme, ambayo ni elementi, yaani yenye aina moja tu ya atomi, na tunalitumia tena kwa ile ya njano ya bangili na vitasa, ambayo ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Binti yako hakukosea kemia pale, alidanganywa na lugha ya nyumbani kwake. Ningekuwa mimi ndiye msahihishaji ningempa nusu alama.

Lakini kwenye sukari alikosea kemia, na hilo ndilo kosa la kulifanyia kazi, kwa sababu ukilitoa hilo mengine yanaanguka yenyewe. Amefikiri hivi: sukari ina vitu vitatu ndani, vitu vitatu ni vingi, vingi ni mchanganyiko. Nimekutana na fikra hii kwa wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wengine walikuwa wamefika kidato cha nne.

Mpeleke kwa sonara. Pale madukani Arusha wanaouza vito watakuonyesha dhahabu ya karati 24, ya 22, ya 18, ya 9. Karati ni hesabu ya sehemu kati ya 24: pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu, yaani robo tatu, na sehemu sita ni fedha, shaba au metali nyingine. Sonara anaamua. Mteja akitaka pete ngumu zaidi anaongezewa shaba, akitaka ya bei ndogo anapunguziwa dhahabu, na yote bado ni pete ya dhahabu. Kitu ambacho unaweza kubadilisha vipimo vyake na kikaendelea kuwa kile kile ni mchanganyiko.

Maji hayana karati. Hakuna maji ya haidrojeni nyingi kidogo kwa wenye pesa. Chukua gramu 9 za maji, ya mvua ya Machame au ya barafu ya Kibo, ukiyavunja utapata gramu 1 ya haidrojeni na gramu 8 za oksijeni, kila mara. Ukijaribu kuongeza oksijeni, hupati maji mazito zaidi. Unapata kitu kingine kabisa, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, ambayo ina haidrojeni mbili na oksijeni mbili na inachoma. Atomi moja imeongezeka, na kinywaji kimegeuka dawa ya kuulia vijidudu.

Kwa nini mchanganyiko uwe huru hivyo na kampaundi ifungwe? Kwa sababu kwenye kampaundi atomi zimeshikana, na mkono wa atomi una idadi. Oksijeni ina mikono miwili, haidrojeni ina mmoja. Haidrojeni mbili zikishika mikono miwili ya oksijeni, hakuna mkono uliobaki wa kushika ya tatu. Uwiano unatokana na kushikana huko. Kwenye mchanganyiko hakuna aliyemshika mwenzake kwa namna hiyo, wamekaa pamoja tu kama abiria kwenye Noah ya kwenda Ngaramtoni, na wote tunajua idadi ya abiria wa Noah haina kikomo cha kitabuni.

Na kwa kuwa wameshikana, wamebadilika. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ikiguswa na maji. Klorini ni gesi ya sumu. Zikishikana unazinyunyizia kwenye kachumbari. Kwenye mchanganyiko kila mmoja anabaki na tabia zake: ukichanganya chumvi na mchanga, chumvi bado ni ya chumvi na mchanga bado unakwaruza meno.

Sasa mwonyeshe kwa macho yake, maana maneno yangu ni mengi. Chukua sufuria ya zamani ambayo mama hataililia, na vijiko viwili vya sukari. Iwe kavu kabisa, sukari na sufuria. Washa moto mdogo, dirisha wazi. Sukari itayeyuka iwe ya dhahabu, kisha kahawia inayonukia kama peremende. Funika kwa kifuniko kikavu kwa dakika moja, ukifunue kwa kitambaa, na umwonyeshe upande wa ndani: matone. Yametoka wapi, na hukutia tone? Endelea mpaka ibaki nyeusi tititi, yenye kuvimba na matundu kama mkaa. Zima. Ni mkaa kweli, ndiyo ile kaboni. Haidrojeni na oksijeni zimeondoka zikiwa mvuke wa maji, pamoja na moshi kidogo wa hili na lile. Muulize: ule weusi ulikuwa wapi kwenye sukari? Angeweza kuuokota kwa kibano? Kuuchuja? Kuuvuta kwa sumaku? Hakuuona kwa sababu haukuwepo kama mkaa. Ulikuwepo kama atomi zilizoshikwa, na ili ziachie ilibidi sukari yenyewe ife. Hiyo ndiyo tofauti ya kutenganisha na kuvunja. Mchanganyiko unautenganisha, kampaundi unaivunja, na elementi ukiipasha moto, ukiipitishia umeme, ukiimwagia asidi, haitoi kitu rahisi kuliko yenyewe. (Tahadhari moja: sukari iliyoyeyuka inaunguza vibaya kuliko maji ya moto kwa sababu inanata. Washike watu wazima, mdogo wake akae mbali. Na sufuria utaisugua siku mbili.)

Baada ya sukari, oksijeni ni rahisi. Alihesabu atomi mbili akaona kampaundi. Swali haliko kwenye idadi ya atomi, liko kwenye aina zake. Atomi mbili za aina moja zikishikana ni molekuli, lakini bado ni elementi. Ozoni ina tatu za oksijeni, nayo ni elementi. Neno molekuli na neno kampaundi si pacha.

Hewa ni mchanganyiko, naitrojeni kama asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu moja, na kilichobaki kidogo ni kabonidayoksaidi na wenzake. Hizo ni za hewa kavu. Ongeza mvuke wa maji, ambao asubuhi ya Julai kwenu ni habari nyingine na ule wa Januari hapa Moshi saa nane mchana. Vipimo vinabadilika na bado tunaita hewa, tayari ameshajua jibu. Asisumbuliwe na kwamba haionekani.

Maziwa yanahitaji tochi. Subiri usiku, zima taa. Glasi ya kwanza maji yenye chumvi iliyokorogwa ikapotea. Ya pili maji yenye matone matatu ya maziwa. Ya tatu maji yenye udongo kidogo, umeikoroga sasa hivi. Washa tochi ya simu ubavuni mwa kila moja, wewe utazame kutoka upande. Kwenye ya chumvi mwanga unapita usiuone njia yake. Kwenye ya maziwa unaona mstari wa mwanga umesimama ndani ya glasi kama kijiti. Ya udongo itakuwa na ukungu, lakini iache, kapige mswaki, urudi: udongo mwingi umekaa chini, na maziwa yako vile vile.

Ulichokiona ni michanganyiko ya aina tatu, na kinachoitofautisha ni ukubwa wa vipande tu. Kwenye chumvi vipande ni vidogo kiasi kwamba mwanga hauna cha kugonga. Huo ni mmumunyo, hautuami na hauchujiki kwa kitambaa wala karatasi. Kwenye maziwa kuna vitone vya mafuta na protini, vikubwa vya kutosha kutawanya mwanga, vidogo vya kutosha kutozama upesi. Huo ni koloidi. Udongo ni suspensheni, vipande vizito vinavyotuama vikipewa muda. Ukishawahi kuendesha gari kuelekea Usa River alfajiri ya Julai ukaona mwanga wa taa umesimama mbele yako kama ukuta, umeshaiona koloidi: matone ya maji ndani ya hewa. Na jirani yetu mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ana yote matatu kwenye kata moja. Sukari na pombe vimeyeyuka, wanga unaning'inia, pumba za ulezi zinatuama chini, ndiyo maana mzee akikabidhiwa kata huitikisa kwanza. Huyo usimletee mtoto kama mfano wa majaribio, lakini mwambie ipo.

Nimeona wazazi wakiwakaririsha watoto orodha: chuma elementi, chumvi kampaundi, soda mchanganyiko. Sikatai moja kwa moja. Orodha inampa alama za haraka kwenye jaribio la Ijumaa, na mtoto aliyevunjika moyo anahitaji alama. Ila mtunga mtihani akileta kitu kisichomo, tuseme magadi au pete ya karati 18, orodha inakufa. Mimi ningempa maswali mawili, ayaulize kwa Kiswahili kichwani hata kama jibu ataliandika kwa Kiingereza: vipimo vyake vinaweza kubadilika kikabaki kile kile? Kama ndiyo, ni mchanganyiko, amemaliza. Kama hapana, je, kuna njia ya kukivunja kupata kitu rahisi zaidi? Ikiwepo ni kampaundi, isipokuwepo ni elementi.

Swali la pili halikuwa rahisi hata kwa wakubwa. Lavoisier, Mfaransa aliyeisimamisha kemia kwa miguu yake, alitoa orodha ya vitu 33 visivyovunjika mwaka 1789. Ndani yake kulikuwa na mwanga, na kulikuwa na chokaa. Chokaa hii hii ya kupakia kuta! Haikuwa uzembe. Hakukuwa na moto wala asidi iliyoweza kuivunja wakati ule. Mwaka 1808 Humphry Davy wa Uingereza akaipiga kwa umeme wa betri, ikatoa metali mpya, kalisi. Leo elementi zinazojulikana ni 118. Mwambie binti yako amekosea sita kati ya tisa, na Lavoisier naye hakupata zote.

Huenda mwalimu atawauliza habari ya tanzanaiti, kwa kuwa mko hapo. Jiwe la Mererani ni kampaundi ya kalisi, alumini, silikoni, oksijeni na haidrojeni, lakini rangi yake ya buluu inatokana na vanadi kidogo sana iliyojipenyeza humo. Yaani thamani yote iko kwenye mgeni. Kwenye mtihani madini huandikwa kampaundi, kwenye mnada ni maelezo marefu.

Sasa mama mkwe, na meno ya mtoto. Kwa heshima zote, yuko sahihi kwenye nusu ya kwanza na amekosea pabaya kwenye ya pili. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi, ambayo ikizidi hudhuru meno yanayojengeka na mifupa, na inatoka kwenye miamba ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Watu hudhani Mto Maji ya Chai una floridi kwa sababu ya ile rangi yake ya chai. Mto huo umepimwa ukakutwa nayo kwa wingi, ni kweli, lakini rangi haitokani nayo, na maji meupe kama kioo yanaweza kuwa nayo nyingi vile vile.

Ndani ya maji floridi iko kwenye mmumunyo, kama chumvi kwenye glasi yako ya kwanza. Kitambaa hakiishiki. Kichujio cha udongo kinashika matope na vijidudu, floridi inapita. Na kuchemsha? Kinachoruka ni maji. Floridi haichemki kwenye nyuzi 95 wala 100, inabaki sufuriani. Ukichemsha lita yenye miligramu 2 mpaka ikabaki nusu lita, miligramu 2 bado ziko pale pale, ila sasa ni sawa na miligramu 4 kwa lita. Mmekuwa mkimkorogea mtoto maji makali zaidi kwa nia njema. Chemsheni kuua vijidudu, yakishatokota vizuri zimeni. Basi.

Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Hamtajua mko wapi kwa kutazama wala kuonja. Pelekeni sampuli ya maji ya bomba lenu kwenye maabara ya maji ya mkoa, na mwulize mamlaka ya maji chanzo cha mtaa wenu ni kipi, kwa sababu mitaa miwili jirani inaweza kunywa vyanzo tofauti. Na magadi mnayotia kwenye makande yahesabuni pia. Bonge la magadi si kitu kimoja. Ndani yake kuna kampaundi ya sodiamu inayolainisha maharage, kuna chumvi ya kawaida, kuna matope, na mara nyingi kuna floridi. Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka saba ningeloweka maharage usiku kucha na kuyaacha magadi dukani.

Maji yakikutwa na floridi nyingi, njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na usumbufu. Mkaa wa mifupa unaifyonza, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, lakini hujaa na lazima ubadilishwe, na usipopima hutajua umejaa lini. Mitambo ya kusukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana inafanya kazi vizuri, ni ghali na inamwaga maji mengi. Maji ya chupa yanafaa kwa mtoto ikiwa karatasi yake inataja floridi na ni ndogo, ila hesabu gharama ya mwaka. Maji ya mvua ndiyo ninayoyapenda mimi, kwa sababu jua limeshayakeneka bila malipo: maji yamepanda, madini yamebaki chini. Simtanki na mabati masafi, mvua ya kwanza mwage, na ya kunywa mchemshe. Yakiwa machache, changanya. Mmumunyo hauna uwiano wa lazima, na hapa hilo linatusaidia: bomba lenye miligramu 3 ukilichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua unapata karibu 1.5. Weka yaliyochanganywa kwa kunywa na kupikia, ya bomba yawe ya kuoga na kufua.

Meno yenyewe mpelekeni kwa daktari wa meno ayatazame ana kwa ana, mimi siwezi kuyaona kwa barua. Madoa ya hudhurungi si lazima yawe floridi, yanaweza kuwa meno yanayooza au kitu kingine, na tiba ni tofauti. Ikiwa ni floridi, madoa hayasuguliki kwa mswaki wala mkaa, msimkwaruze, daktari ana namna ya kuyafifisha. Msikawie, kwa sababu meno mengine ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi, na hayo ndiyo maji mtakayobadilisha leo yatayasaidia. Akianza kulalamika miguu au mgongo kuuma, daktari aambiwe habari ya maji siku hiyo hiyo.

Majaribio niliyoyataja fanyeni jikoni, mengine muachieni mwalimu na maabara yake. Ataonyeshwa huko unga wa chuma na salfa vinavyotenganishwa kwa sumaku, kisha vinavyopashwa moto mpaka sumaku ishindwe. Ni jaribio zuri sana na moshi wake ni mbaya sana. Msipitishe umeme kwenye maji ya chumvi ndani ya nyumba, linatoka gesi ya klorini. Msichanganye jiki na dawa ya choo kwa sababu hiyo hiyo.

Kama mnataka kurudia la maji, rudieni hivi. Kwanza tia kipimajoto kwenye kikombe cha barafu inayoyeyuka, kikorogwe. Kikisoma sifuri, au karibu sana, 95 zako ni za kweli. Kisha chemsheni maji matupu na muandike joto kila dakika mbili: litasimama pale pale hadi sufuria ikaribie kukauka. Rudieni na maji yenye chumvi nyingi, ile ya kupita kiasi: litaanza juu kidogo ya 95, na kadiri maji yanavyopungua litaendelea kupanda. Akichora mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja, ampelekee mwalimu wake pamoja na ile ya makosa sita. Na kipimajoto cha kupimia homa msikitumbukize humo, kitapasuka.